Nyumbakumi na Kwaheri Yangu ya Mapema

Jina lake ninalijua, lakini nikiliandika hapa hata majirani wa mtaa wetu wa Gasenyi watauliza ni nani huyo. Kwetu alikuwa Nyumbakumi, basi. Watoto walimwita hivyo, mkewe alipokuwa hai alimwita hivyo, na siku moja nilimsikia akijigonga kidole kwa nyundo na kujiambia, "Pole, Nyumbakumi." Kazi yenyewe si kubwa. Mtu anachaguliwa aziangalie nyumba kumi: ajue nani analala wapi, nani amehamia, nani hawasemezani, na wakubwa wa serikali wakiuliza awe na la kujibu. Mshahara hakuna. Wengine wakipewa kazi hiyo hulalamika mpaka waiachie. Yeye nyumba zake kumi zilikuwa kumi na nne, kwa sababu mtaa ulipogawanywa upya alikataa kuwaachia wenzake watu aliokwisha kuwazoea.

Alikuwa na koti la rangi ya kahawia, pana mabegani, na cheo chake chote kilikaa kwenye koti hilo. Bila koti alikuwa mzee wa kawaida anayepanda mboga za lengalenga nyuma ya nyumba na kugombana na redio yake. Akija kwenu bila koti unaweza hata kumpa jembe lililolegea akukazie mpini. Akija na koti, unatoa kiti, unazima televisheni, na unaanza kujiuliza umefanya nini. Siku moja mama yangu na jirani yetu fundi wa magari walikuwa wanagombana juu ya maji ya mvua yaliyotoka kwake yakaingia kwetu. Nyumbakumi alikuwa anapita tu. Akasimama, akawasikiliza mpaka wote wawili wakaishiwa maneno, halafu akasema, "Mungojee kidogo." Akaenda kwake, akarudi amevaa koti, akawaambia waanze tena mwanzo, maana yale ya kwanza hakuyasikia. Walipoanza tena hasira ilikuwa imekwisha, na kila mmoja aliona haya kurudia matusi yake.

Mungu hakumpa sauti ya chini. Ukimnong'oneza jambo, anakujibu kwa sauti inayofika barabarani. Mama alikuwa akimwambia, "Nyumbakumi, hiyo ni siri," naye anashangaa kweli. "Siri ya nini? Kitu yenye kila mutu anajua, hakuna mwenye anaweza kukucheka nayo siku mbili." Kwa kanuni hiyo alitangaza mitihani iliyoshindwa, paa zilizovuja na ndoa zilizovunjika. Kuna binti mmoja aliyeachwa na mchumba wake wiki ya harusi, na kabla hajamaliza kulia Nyumbakumi alikuwa amekwisha pita nyumba zote. "Bwana harusi amekimbia. Musimuulize mutoto kitu. Viti virudishwe." Wengi wetu tulimwona hana huruma. Mimi nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele.

Alisema anachukia uongo kuliko wizi, lakini mkubwa yeyote akija kuuliza habari za nyumba zake alijibiwa kwamba hakuna tatizo hata moja, huku watu wakisikika wanapigana nyuma ya ukuta. Hakuwa mnywaji wa pombe, ila kwenye sherehe hakuna chupa ya bia iliyomfikia mgeni kabla yeye hajaionja. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza kinywaji anachompa mgeni, aonyeshe kwamba hakina kitu ndani, tunaita kusogongera. Yeye alijiona mwenye nyumba wa nyumba zote kumi na nne, kwa hiyo alisogongera kwa niaba ya kila mtu, anakunja uso, anafuta mdomo, anasema, "Iko nzuri, munywe." Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, na siku ya Idi alikuwa wa kwanza kwa fundi wa magari, ndani ya koti lake, akila pilau na kuuliza kama watu wote wameswali.

Alichokipenda kuliko vyote ni kuagana. Kijana akipata kazi Gitega, binti akiolewa upande wa pili wa mji, familia ikihamia kwingine, Nyumbakumi alikuwa na shughuli. "Mutu haende tu," alikuwa akisema. "Watu ndiyo wanamupeleka." Lazima watu wakae uani, wapewe chupa zao, na maneno yasemwe kwa utaratibu: anayeondoka anasema, mkubwa anamjibu, ndipo watu wanakunywa. Majibu yake yalikuwa marefu mpaka fanta zinapata moto mikononi mwa watoto. Sisi watoto alitufundisha kusema mbele ya watu pale bombani, tukingoja maji, bidoni zetu za plastiki zimepangwa mstari ndizo wasikilizaji. Simama. Usikunje mikono. Anza na salamu za wakubwa. Usiangalie chini, huko hakuna mtu. Wengi tulikuwa tunamwiga akishatupa mgongo, na mimi ndiye nilikuwa namwiga vizuri zaidi.

Halafu nikapata nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Aljeria. Nilipata habari saa nne asubuhi, nikampigia mama simu kazini. Mama anauza vitenge katika duka la mzee mmoja wa Kiislamu kule mtaa wa Asiatique. Kosa langu ni kwamba nilipiga simu nikiwa nje. Mama alipofika jioni, watu wanne walikuwa wamekwisha kumpongeza kabla hajafika mlangoni kwake, na wa tano alitaka kujua kama Aljeria ni mbali kuliko Kanada.

Nilikuwa na mipango yangu ya wiki zile za mwisho. Nilitaka kwenda ziwani na wenzangu niliomaliza nao shule, kila Jumamosi, mpaka tuchoke. Nilitaka mama anifundishe vyakula vyote nilivyokuwa nakula bila kuangalia vinavyopikwa. Nilitaka kulala mchana bila mtu kuniuliza. Kichwani mwangu niliziona wiki hizo ndefu na tamu. Nyumbakumi naye alikuwa na mipango yake, na yake ilikuwa na tarehe.

Tuliambiwa kundi letu la wanafunzi litasafiri Jumatano. Viza zilikuwa zinakamilishwa. Mama, ambaye ni mtu wa kuogopa, akasema labda tungoje kwanza tuone pasipoti mkononi. Nyumbakumi alikuwa amevaa koti. "Tungoje nini? Mutoto apande ndege kama kuku anapelekwa soko? Apana. Jumapili." Jumapili watu walijaa uani kwetu mpaka wengine wakasimama barabarani. Wanawake walileta impamba, chakula cha kumpa msafiri: karanga za kukaanga, ndagala wa ziwani waliokaushwa, unga wa muhogo, maharage ya kutosha kambi nzima. Nilisimama nikasema. Nililia vizuri, mahali panapostahili. Nilimshika mkono kila mtu, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kwa heshima, na wazee wengine walinibariki kwa namna ya watu wasiotarajia kuniona tena. Nyumbakumi alinijibu mpaka jua likatua, na mwisho sauti yake ikakatika kwa machozi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Jumanne jioni simu ililia. Safari imesogezwa. Mpaka lini? Tutawajulisha.

Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa aibu ya jambo hili. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeiba. Lakini mimi nilikuwa nimeagwa. Nilikuwa nimekula machozi ya watu na impamba yao iko jikoni kwetu kwenye mifuko. Nitatokaje kesho kwenda kununua nyanya kwa mama yule yule aliyeniwekea mkono kichwani? Mama akasema, "Bon, ukae ndani siku mbili tu. Wakituita, unaenda, hakuna mwenye atajua." Nikaona ni wazo zuri.

Siku mbili zikazaa nyingine. Alhamisi mama alienda bombani, wakamuuliza, "Amefika?" Nafikiri alitaka kusema bado. Mdomo wake ukasema, "Amefika." Wakauliza kama kuna baridi. Akasema kuna baridi sana. Alirudi na bidoni nusu, akakaa kitandani kwangu akajifunika uso kwa kitenge, na kuanzia hapo tulikuwa wote wawili tumefungwa.

Wiki zangu tamu ziliishia katika chumba chenye pazia. Wenzangu walienda ziwani. Niliona picha zao kwenye simu nikashindwa hata kuandika neno chini yake, maana nilikuwa Aljeria. Sikuwasha redio. Nilipiga chafya ndani ya mto. Mama hakunifundisha kupika kitu, kwa sababu tulikuwa na impamba, na tuliila yote, jioni baada ya jioni, madirisha yamefungwa ili harufu ya ndagala isitoke. Nilikuwa natafuna karanga za mke wa fundi huku namsikia mwenyewe anamwita mtoto wake nje. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijificha ili watu walionilea wasinione.

Tulikamatwa kwa sababu ya blauzi yangu. Mama aliianika nyuma ya nyumba kwa mazoea, akaenda kazini. Nyumbakumi alipita asubuhi kuwakumbusha watu kazi za pamoja za Jumamosi, akazunguka nyuma kama alivyozoea, na nikamsikia amesimama. Nilikuwa nyuma ya pazia, umbali wa mkono.

"Aljeria wanakuja kuanika nguo zao hapa kwetu?" akauliza, kwa sauti yake ile.

Nikazidi kujibana ukutani. Akagusa blauzi, nadhani, kwa sababu akaongeza, "Tena iko na maji." Halafu nikasikia viatu vyake vinaondoka, nikashukuru miungu wote ninaowajua. Sikumaliza kushukuru. Alirudi na koti.

"Toka, mutoto."

Nikatoka. Alikaa kwenye kiti cha uani, mimi nimesimama, nikamwambia yote: simu, siku mbili, bombani, baridi. Alisikiliza akiangalia ndala zangu. Nilitegemea atanigombeza. Badala yake alisema, "Kwa hiyo nililia mbele ya watu bure." Hapo ndipo nilielewa kwamba aibu si yetu peke yetu. Yeye ndiye aliyesema Jumapili. Yeye ndiye aliyewatoa watu majumbani.

Nikamwomba asimwambie mtu. Nilipiga magoti kabisa. Nikamwambia labda wiki ijayo tutaitwa, na yote yatapita. Akasimama, akanyoosha koti, akasema, "Jumamosi uje na jembe."

Jumamosi tulikuwa tunazibua mtaro mkubwa unaoleta udongo kutoka mlimani. Watu wote walikuwapo. Nilifika na jembe begani, mama nyuma yangu amejitanda kitenge mpaka machoni. Mazungumzo yalikatika kama mtu aliyezima redio. Nyumbakumi akapanda juu ya rundo la udongo.

"Majirani. Mutoto wetu bado iko hapa. Safari imesogezwa, si kosa yake. Mama yake aliwaambia amefika, na ni kweli, roho ilifika. Mwili ndiyo huu. Tuendelee na kazi."

Watu walicheka mpaka majembe yakaanguka. Fundi wa magari alikaa chini kabisa. Mke wake akaja akanishika usoni kwa vidole vyenye tope, kuhakikisha, akaniuliza kama huko Aljeria kuna mtaro mzuri namna hii. Niliingia mtaroni nikachimba bila kuinua kichwa, na nilimchukia Nyumbakumi kwa nguvu zangu zote. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, na nilimchukia yeye pia kidogo.

Ni kweli kwamba kuanzia siku hiyo niliweza kutoka. Nilikwenda ziwani mara mbili. Nilikwenda Asiatique na mama tukabadilisha valizi yangu ya safari iliyokatika mshipi. Niliketi na mke wa fundi akanionyesha anavyokaanga karanga zile zile nilizokuwa nakula gizani. Kwa haki, wiki nilizozipata nilizipata kwa sababu ya mdomo wake. Lakini sikutaka kuona hivyo. Nilichokiona ni kwamba kila nikipita mbele ya nyumba yake anainua kichwa kutoka kwenye lengalenga na kupaza sauti, "Bado?" Nami, mbele ya wapita njia wote, lazima nijibu, "Bado, Mzee." Wapo waliozoea kuniita Mwaljeria, na wapo watoto walioimba.

Simu ikaja asubuhi moja bila kutarajiwa. Uwanja wa ndege, saa tisa, leo. Mama alirudi mbio kutoka kazini. Tulipakia valizi, tukaita teksi, na hakuna jirani aliyekuwa nyumbani isipokuwa mmoja. Tulipopita kwake alikuwa ameinama kwenye lengalenga zake, mgongo kwetu, shati jeupe limetoka nje ya suruali. Dereva akapunguza mwendo, kwa sababu barabara ni mbaya hapo, akaniuliza kama nataka kusimama.

Nilimwambia aende. Nilijiambia muda hautoshi, na muda ulitosha. Nilichoogopa ni kwamba atavaa koti. Nilichoogopa zaidi ni kusema kwaheri ya pili, ndege ikatae, nirudi jioni na valizi yangu, naye apande juu ya rundo la udongo. Mama aliniangalia, akageukia dirisha. Kwenye ndege nililia, na safari hiyo hapakuwa na mtu wa kuona.

Nilirudi likizo baada ya miaka miwili. Siku ya kwanza mke wa fundi alinikumbatia akasema, "Salamu zako tulipata." Nikasema asante, bila kujua nashukuru nini. Mama wa nyanya naye: "Salamu zako zilitufikia, mutoto wangu, ulifanya vizuri." Kufika nyumba ya nne nilikuwa nimeelewa. Jioni ile ile ya safari yangu, Nyumbakumi alikuwa amevaa koti akapita nyumba zote kumi na nne. Alisema nilikwenda kwake alfajiri, nikakaa, nikaaga kwa utaratibu, nikamtuma awafikishie wengine kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Na kila nyumba aliipa neno lake. Kwa mke wa fundi, kwamba karanga zilikuwa tamu. Kwa binti aliyeachwa na mchumba, kwamba nitamtafutia kitambaa cha huko. Mtu aliyechukia uongo kuliko wizi alipita na uongo wangu mlango kwa mlango.

"We ulijua?" nikamuuliza mama.

"Mi nilifikiri ulimutuma kweli," akasema. "Nilifikiri ulimupigia simu."

Yeye mwenyewe hakuwapo tena Gasenyi. Alikuwa amebadilishwa, Nyumbakumi wa sasa ni kijana mwenye kundi la simu, anatuma ujumbe na watu wanajibu kwa vidole gumba. Mzee alikwenda kukaa kwa binti yake Buterere. Si mbali. Unaweza kwenda kwa miguu ukiwa na nia. Mimi nilikaa mwezi mzima bila nia. Kila asubuhi nilisema kesho, na kila kesho nilikuta la kufanya. Nilikwenda siku mbili kabla ya kuondoka tena, na hata hapo nilisimama dukani njiani nikanunua sukari na sabuni polepole, ili nichelewe.

Nyumba ya binti yake iko chini, karibu na mashamba ya mpunga, na ukutani kulikuwa na mstari wa mahali maji ya mafuriko yalipofika. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, amekonda, ndala zake zimepangwa pembeni. Alinijua kabla sijafungua mdomo.

"Ulifika lini?"

"Mwezi uliopita, Mzee."

"Na unarudi lini?"

"Kesho kutwa."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakusema kitu juu ya mwezi huo, na ningependa angesema. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia nimesikia aliyonifanyia, nashukuru sana, naona aibu mpaka sijui nianzie wapi.

"Mi sikukufanyia we," akasema. "Nilijifanyia mi. Mutoto wangu anaondoka bila kuniaga, ningeliambia watu nini? Kwamba mi ni Nyumbakumi ya nani?" Akapumua. "Kwao wote umeaga. Kwangu bado. Basi niage sasa."

Nilidhani anamaanisha sisi wawili. Lakini alikuwa amekwisha kuinua ile sauti, na haikuwa imepungua hata kidogo. "Majirani. Mukuje. Mutoto wangu anasafiri."

Binti yake akatoka ndani amefadhaika. "Baba, hawa hawamujue huyu."

"Watamujua."

Na watu wakaja. Sijui kwa nini walikuja. Labda kwa adabu tu, labda walimzoea. Alikuja mwanamke mmoja kutoka shambani, tope la mpunga mpaka magotini, na wazee wawili waliokuwa wanacheza karata, na watoto. Binti akaleta fanta zilizokuwapo, zikagawanywa kwenye vikombe. Mzee akaonja cha kwanza, akakunja uso, akasema iko nzuri. Kisha akaniashiria nisimame.

Nikaanza na salamu za wakubwa. Halafu nikasema kwamba huyu mzee nilimkosea, niliondoka bila kumuaga, nikapita mbele ya nyumba yake kwenye teksi na . . .

"Hiyo apana," akanikata. "Hiyo ni ya mi na we. Sema ya safari."

Nikasema ya safari. Nikasema ninasoma nini, imebaki miaka mingapi, nikaomba waniombee, nikawashukuru kwa kuacha kazi zao. Nilisema vizuri, sikuangalia chini. Wakapiga makofi, nikakaa, na nakiri nilijisikia nimepona. Nilifikiri deni la moyo wangu limekwisha hapo.

Akasimama kunijibu. Ilimchukua muda kusimama, binti yake akamshika kiwiko. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu, nikafurahi kuingojea.

"Hapa munanijua," akawaambia. "Muzee wa mulangoni. Baba ya huyu mama. Musipokuwa na mutu wa kuchunga watoto munawaleta kwangu, na ni vizuri, siwezi kukataa." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ananijua ya kule. Huyu ndiyo anajua mi nilikuwa nani." Kisha akanigeukia, na sauti yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, ilikuwa ya chini, ya kuomba. "Waambie."

Nikasimama tena. Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya mambo yake, na nilikuwa nimeyasimulia yote Aljeria, bwenini, kwa kumwiga, wenzangu wakishika mbavu kwa kucheka. Nikayatafuta sasa, na yote yaliyokuja yalikuja na kicheko cha bwenini, yamekatwa kwa ajili ya kuchekwa, na sikuona hata moja ambalo ningeweza kumpa mbele ya watu hawa. Mwanamke wa shambani aliweka kikombe chake chini ili mikono iwe wazi ya kupiga makofi. Mzee alikuwa ananiangalia, mdomo wake ukitembea kidogo, ananisaidia kuanza.

"Alikuwa Nyumbakumi wetu," nikasema. "Kule Gasenyi."

Wakangoja niendelee. Nilikuwa nimemaliza.